Mwizi wa Kinanda

"Huyo mwizi! Msimkalie karibu, mtakuja kujuta!"

Mteja aliyekuwa kitini kibarazani alishtuka, na msuko uliokuwa mkononi mwa msusi ukaponyoka. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa, mistari imelala sambamba kama matuta ya shamba. Nusu ya pili nywele zilisimama wima, utadhani nazo zimesikia. Mlangoni pa sebule alisimama mzee mmoja mrefu, vifungo vya shati vimefungwa kwa kupishana, kidole kimenyooka.

"Kinanda changu amekichukua huyo. Mwulizeni amemuuzia nani."

"Baba," msusi akasema kwa upole, "chai yako nimekuwekea mezani. Itapoa."

"Chai ya wizi sinywi."

Hata hivyo akarudi ndani, na baada ya kitambo wakasikia kikombe kikigonga sahani. Msusi akatabasamu, akasubiri mteja naye atabasamu. Mteja hakutabasamu. Aliinama, akauokota mkoba wake uliokuwa sakafuni, akaupakata.

Msusi aliona. Wateja walimwita Vidole, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kichwani mtu akasinzia bila kujijua, na vidole hivyo sasa vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine. Mkoba ule ulimwuma kuliko tusi. Tusi lilitoka kwa mgonjwa. Mkoba ulipakatwa na mtu mzima mwenye akili zake.

Kinanda chenyewe hakuwahi kukiona. Alichojua ni kwamba baba mkwe wake, zamani hizo, alikuwa mpiga kinanda wa bendi, wenzake wakimwita Profesa. Kilikuwa kinanda cha umeme cha kwanza kumilikiwa na bendi ile, kile ambacho wenyewe walikiita sinthesaiza, chenye vitufe na vifundo vya kutengenezea sauti ambazo hazikuwa za chombo chochote duniani. Kilipotea kabla Vidole hajajua hata kutembea. Ila ugonjwa wa kusahau ulipomwingia mzee, ulifuta mengi ukaacha machache, na miongoni mwa machache hayo ni kwamba kinanda kiliibwa. Mwizi lazima awepo. Na mtu aliyekuwepo nyumbani asubuhi hadi jioni, anayemwogesha na kumfunga viatu, alikuwa mkwewe.

Jioni mumewe aliporudi kazini, alimngoja avue viatu kwanza.

"Leo tena."

"Amesemaje?"

"Ulitaka aseme lipi jipya? Mwizi. Mbele ya mteja."

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtaa mzima wakimwita Baridi, na jina lilimfaa mara mbili: kwa kazi, na kwa tabia. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Hakuwahi pia kumtetea mtu.

"Ni ugonjwa, mke wangu. Mvumilie."

"Namvumilia. Namlisha, namkata kucha, namwimbia apate usingizi. Mimi ananivumilia nani?"

Baridi alikuwa na mazoea yake. Maneno yakianza kupamba moto, hukumbuka kitu ndani ya sanduku la vifaa. Akalifungua, akatoa bisibisi, akaanza kuifuta kwa kitambaa, ijapokuwa ilikuwa safi inang'aa.

*

Wiki ileile alikuja mke wa mwenye duka la vitambaa, mteja mkubwa ambaye akipendeza yeye, wanawake wengine kumi wanauliza amesukwa wapi. Mzee akatokea mlangoni kama kawaida, akasema yake, akarudishwa ndani. Kazi ilipokwisha, mteja akajitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, akasifu. Kisha akapapasa mapajani.

"Simu yangu."

Walitafuta chini ya kiti, kwenye kikapu cha nywele bandia, kwenye beseni. Jirani wa upande wa pili akachungulia ukutani kuuliza kuna nini. Mteja akasimama katikati ya kibaraza, mikono kiunoni, akatoa sauti laini kabisa.

"Si kwamba nakushuku, Vidole. Wewe na mimi ni kama ndugu. Ila tuangalie tu na kwenye mkoba wako, ili roho zitulie."

Vidole hakubisha. Aliuleta mkoba, akaugeuza juu chini mezani: chanuo, uzi mweusi, picha ya wanawe wamevaa sare za shule, kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi, nguo yake ya ndani ya akiba. Ile nguo aliifunika kwa kiganja, akiwa amechelewa. Jirani alikwisha kuiona.

Simu ililia. Ilikuwa chini ya mto wa kiti alichokuwa amekalia mwenyewe.

"Jamani, simu hizi!" Mteja akacheka kwa sauti kubwa, akicheka peke yake. Alilipa, akaongeza na cha juu, akaenda. Hakurudi tena. Na asubuhi iliyofuata, ng'ambo ya ukuta, Vidole akamsikia jirani akimwambia mtu: "Lisemwalo lipo, mwenzangu. Yule mzee kasahau mpaka jina lake, lakini hilo la wizi halisahau. Kwa nini?"

Mchana huo alikunja nguo zake kitandani, moja juu ya moja. Baridi alimkuta hivyo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Nitakaa huko mpaka ijulikane kinanda cha baba yako kilikwenda wapi."

"Kiliibwa. Mama, Mungu amrehemu, aliniambia. Kiliibwa kwenye stoo ya bendi mimi nikiwa mtoto mchanga."

"Kiliibwa na nani?"

"Na mpiga gitaa wao. Ndiyo sababu bendi ilivunjika. Usiende kufukua kaburi."

"Kaburi lenyewe limehamia kibarazani kwangu," Vidole akasema. "Wateja wangu wanalikalia." Akaiweka nguo ya mwisho juu ya nyingine, akaipiga pasi kwa kiganja. "Basi kesho kaa na baba yako wewe. Mimi nakwenda kuwatafuta wenzake. Nikirudi bila jibu, hizi nguo ziko tayari."

Baridi alilitazama sanduku la vifaa. Mara hii hakulifungua.

*

Mpiga tarumbeta wa bendi alikuwa kinyozi sasa. Walimwita Mapafu, na ingawa uzee ulikuwa umempunguza miguu, kifua kilibaki kama pipa. Vidole alimkuta mashine mkononi, kichwa cha mteja kikiwa nusu kimenyolewa. Aliposikia neno kinanda akaizima mashine.

"Mkwe wa Profesa! Ah, mwanangu, keti. Keti kabisa."

"Mzee, kichwa changu," mteja akalalamika.

"Kichwa hakikimbii, kimeshikwa na shingo." Mapafu akavuta kigoda. "Sikiliza. Kabla ya kile tulikuwa na kinanda cha kuazima, cha kukanyaga kwa miguu kama cherehani. Profesa akipiga wimbo mrefu, kesho yake anachechemea. Basi tukakubaliana: msimu mzima tunapiga, hakuna anayegusa mgao. Mimi nilivaa viatu vya kaka yangu msimu ule, vilinizidi, nilikuwa nikipiga tarumbeta nimesimama ndani ya viatu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Ila siku kilipokuja!"

Macho yake yakaenda kwenye kioo, lakini si kwa kujitazama.

"Hakuna aliyethubutu kufungua boksi. Profesa akatoka nje kunawa mikono. Akanawa mpaka viwikoni kama daktari. Akakiwasha, kataa kekundu kakawaka. Akabonyeza noti moja, akaishikilia. Moja tu, mwanangu. Ikaanza chini kama nyuki kwenye kopo, ikafunguka, ikafunguka, ikajaa chumba mpaka vioo vya madirisha vikaitikia. Bi Sauti, mwimbaji wetu, machozi yakamtoka. Na Nyuzi, yule wa gitaa, akasema, 'Basi jamani, sote tumeachishwa kazi.' Tulicheka!"

"Halafu kikaibwa."

"Halafu kikaibwa." Sauti ikabadilika. "Ufunguo wa stoo alikuwa nao nani? Nyuzi. Kufuli limevunjwa? Halikuvunjwa. Sasa hapo unahitaji mganga wa ramli? Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilimvua gitaa shingoni mbele ya watu. Nikamwambia, nenda kalipigie huko unakopeleka vitu vya wenzio." Alilisema kama mtu anayesimulia bao alilofunga ujanani. "Hatujasalimiana tangu siku ile."

Vidole akauliza Nyuzi anapatikana wapi. Mapafu akaiwasha mashine kabla ya kujibu, kana kwamba hakutaka jibu lake lisikike vizuri.

*

Nyuzi alikuwa na kibanda cha kutengenezea redio na simu, chembamba kiasi kwamba aliyeingia ilibidi atoke kinyumenyume. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, miwani ikishikiliwa na kipande cha waya. Hakuinua kichwa.

"Acha hapo, nitaiangalia."

"Sikuleta redio, mzee. Mimi ni mkwewe Profesa."

Moshi mwembamba ulipanda kutoka kwenye chuma cha kulehemu. Nyuzi aliendelea na kazi.

"Salamu zake sizihitaji."

"Sikuleta salamu. Baba amepoteza kumbukumbu. Kila siku ananiita mimi mwizi wa kinanda chake. Mbele za watu."

Chuma kikasimama hewani. Kisha mzee akakiweka kwenye kishikio chake, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza akamtazama. Bega moja likaanza kutikisika. Vidole alidhani analia, kumbe anacheka.

"Karibu chamani, binti yangu. Mimi ndiye mwenyekiti. Miaka yote hii nilikuwa sina mwanachama."

Vidole naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo, na kicheko kilipoisha aligundua kwamba mashavu yamelowa. Nyuzi akamsogezea kitambaa chenye harufu ya spiriti.

"Sikukichukua," akasema. "Sikuulizwa hata mara moja kama nimekichukua. Niliambiwa. Baada ya hapo hakuna bendi iliyonipokea. Dada yangu alipoolewa, walimweka mtu kukaa karibu na meza ya zawadi. Hakuwa na kazi nyingine. Nikisogea, naye anasogea. Ndugu zangu hao."

"Ulifanyaje?"

"Nilitengeneza redio. Mtu akiona redio yake inaimba, anasahau kuutazama mkono wako." Alizungusha bisibisi ndogo kati ya vidole. "Unajua nilikipenda kile kinanda kuliko gitaa langu? Profesa alikuwa akikaa nacho jioni, anageuza kifundo hiki, anasukuma kile, mpaka anazaa sauti. Alitengeneza moja tukaiita Mvua ya Bati. Ukiisikia unatafuta mahali pa kujikinga. Zote alizihifadhi humohumo ndani. Kuna kibetri, kidogo kama kifungo cha koti, ndicho kinachoshika sauti za mwenyewe. Nilimwambia, Profesa, siku hiki kikifa, kinanda kitawaka na kitalia kama kawaida, lakini zako zitakuwa zimekwenda. Zitabaki zile za kiwandani tu. Alikuwa akiniomba nikiangalie kila mwezi."

Akaivaa tena miwani. Barabarani mtu alipita akisukuma toroli, magurudumu yakilalamika.

"Anakumbuka nyimbo?" akauliza, sauti imeshuka.

"Anapiga vidole mezani. Mkono wa kushoto unakwenda polepole, wa kulia unakimbia."

Nyuzi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa anayemhusu. Kisha akasema, "Nenda kwa Bi Sauti. Yeye na marehemu mama mkwe wako walikuwa chanda na pete. La nyumba ile, kama halijui yeye, basi halikutokea."

*

Bi Sauti alikuwa akishona sare za shule. Mwili ulikuwa umenenepa na koo limekwaruzika, lakini alipoitikia hodi, neno moja tu, Vidole alielewa kwa nini waliwahi kumpa jina hilo. Alisikiliza habari yote mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani, bila kulikanyaga.

"Wanakuita wewe mwizi?"

"Ananiita yeye. Ila wanaoamini ni wengine."

"Na Nyuzi yu hai bado?"

"Yu hai. Anatengeneza redio."

Mama yule aliinamisha uso juu ya kitambaa cha buluu. Alipouinua ulikuwa umezeeka zaidi.

"Nilimwapia rafiki yangu kwamba sitasema. Nilidhani siri inamkinga mtu mmoja. Sikujua inaendelea kutafuta wa kumla." Akakata uzi kwa meno. "Waite wote kwenu. Jumapili, mchana. Nitalisema mbele yao wote kwa pamoja, maana sina pumzi ya kulisema mara mbili."

*

Walikuja. Mapafu alifika wa kwanza, amevaa koti la zamani lisilofunga tena kifuani. Nyuzi alipoingia, Mapafu alitazama dari. Nyuzi alichagua kiti cha mbali, karibu na mlango, kiti cha mtu asiyetaka kukawia. Baridi aligawa soda. Bi Sauti alikaa katikati yao kama ukuta.

Vidole akamtoa mzee chumbani, nywele zimechanwa, vifungo vimefungwa sawasawa. Alisimama akawatazama mmoja mmoja, na uso ukafunguka kama dirisha.

"Mmechelewa mazoezi," akasema. "Mapafu, midomo yako imepona? Nyuzi, ile sehemu ya mwisho umeishika, au bado unakimbilia mbele?"

Marehemu mkewe, jina la mtaa wake, siku yenyewe, vyote vilikuwa vimemtoka. Lakini Nyuzi alimjua. Nyuzi akasogeza kiti chake mbele kidogo, akajibu: "Nimeishika, Profesa."

"Haya."

Wakaanza kukumbuka, kwanza kwa woga, halafu kwa kugombania. Siku umeme uliposhuka katikati ya wimbo, kinanda kikateremka sauti kama ng'ombe anayechinjwa na wachezaji wakadhani ni mtindo mpya, wakashangilia. Siku Bi Sauti alipokimwagia soda, Profesa akakipepea usiku kucha kwa sahani. Lile gurudumu dogo la upande wa kushoto la kupinda sauti, ambalo Mapafu alizuiwa kuligusa maana kila alipoligusa alicheka mpaka mazoezi yakaharibika. Hata Mapafu na Nyuzi wakajikuta wanamalizia sentensi moja, wote wawili wakatazama soda zao. Baridi alikuwa amesimama karibu na kabati. Hakuwahi kumwona baba yake akicheka na watu namna ile.

Kisha mzee akaacha kucheka. Akatazama chumba chote, nyuma ya kiti, nyuma ya mlango.

"Kiko wapi?"

Akainama, akachungulia chini ya meza.

"Kimeibwa," akasema. Kidole kikapanda, kikamwangukia Vidole aliyekuwa na trei mkononi. "Huyu."

Vidole hakuondoka. Alibaki na trei yake, akamtazama Bi Sauti.

"Hakikuibwa, Profesa," Bi Sauti akasema. "Ulikiuza."

Mapafu akageuka nusu, kiti kikalia. Bi Sauti hakumtazama yeyote. Alisema akitazama mikono yake.

"Mtoto alikuwa anaumwa. Huyu hapa, Baridi. Utumbo ulijisokota, tumbo limevimba kama ngoma, halii tena, anakoroma tu. Daktari akasema apasuliwe siku hiyohiyo. Walikuwa hawana kitu, na nani alikuwa na kitu? Mgao wetu sote wa msimu ule ulikuwa umekwisha kwenye kinanda. Profesa akamwomba Nyuzi ufunguo wa stoo, akasema anakwenda kufanya mazoezi kama kawaida yake, hata Nyuzi mwenyewe asimshuku. Akakifunika kwa shuka ya kitandani, akakipandisha kwenye mkokoteni, akakipeleka kwa mwalimu wa kwaya mji wa pili. Mkewe aliniambia mwenyewe, hospitalini, mtoto akiwa bado hajazinduka."

"Lakini alituambia…" Mapafu akaanza.

"Hakutuambia. Kumbuka vizuri. Alirudisha ufunguo, na jioni tukaja sote mazoezini tukakuta stoo tupu. Yeye akakaa chini mlangoni, akafunika uso. Wewe ndiye uliyeuliza, 'Kimeibwa?' Naye akaitikia kwa kichwa. Basi. Ni kule kuitikia tu. Alidhani kesho atasema. Kesho ukamvua Nyuzi gitaa, na baada ya hapo hakuweza tena."

Baridi alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake, juu ya shati, mahali penye kovu refu. Mama yake alimwambia aliangukia bati utotoni. Alibaki hivyo, kiganja tumboni, kama anayesubiri kitu kisogee.

Nyuzi alisimama. Kila mtu alidhani anatoka. Akavuka chumba hadi mbele ya mzee, akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Ungeniambia mtoto anaumwa," akasema, "ningeusukuma ule mkokoteni mimi mwenyewe."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Nani anaumwa?"

"Hakuna, Profesa. Amepona."

"Alhamdu… ah, vizuri. Vizuri sana."

"Mwenzangu," Mapafu akasema nyuma yake, na sauti ya lile pipa zima ilitoka nyembamba. "Nyuzi. Mimi ndiye niliyekuvua…"

"Najua ulichonivua. Shingo ilikuwa yangu." Nyuzi akainuka, magoti yakialika. "Niache kwanza. Leo usiniombe kitu." Mlangoni alisimama karibu na Vidole, akasema kwa sauti ya chini, kwa ajili yake tu: "Nilikuwa nimeweka tayari maneno ya kumwambia siku ikifika. Maneno makali, nimeyanoa miaka. Sasa nimwambie nani? Aliyenikosea hayupo. Kaniachia huyu mzee mwema."

Akaenda. Mapafu akamfuata hadi nje, akabaki nyuma yake hatua kadhaa, hathubutu kumfikia wala kugeuka. Vidole aliwatazama mpaka wakapinda kona, bado mmoja mbele, mwingine nyuma.

*

Habari ilivuka ukuta kabla ya jua kuchwa. Jirani alileta mkate ambao hakuombwa, akauliza hali ya mzee, akasema, "Mimi tangu mwanzo nilijua." Vidole aliupokea mkate, akashukuru. Zile nguo zilizokunjwa alizirudisha kabatini, lakini alizirudisha kimya, na Baridi alielewa kwamba kurudi kwa nguo si mwisho wa maneno.

Jumatatu alikuwa na mteja, mwalimu wa shule ya watoto wadogo. Vidole alikuwa amefika nyuma ya sikio, mahali panapotaka mkono mwepesi, aliposikia ndara za mzee zikiburuzika sebuleni. Hakugeuka. Alijua. Ukweli uliwaingia wote waliokuwepo jana, ila yeye ulimpita kama upepo.

"Huyo mwizi! Kinanda changu…"

"Ni mimi, baba."

Baridi alikuwa ametokea ndani. Angepaswa kuwa kazini saa hizo. Alikuja akasimama kibarazani, kati ya kidole cha baba yake na mgongo wa mkewe, mbele ya mteja, mbele ya jirani aliyekuwa anaanika nguo.

"Siye huyu. Mimi ndiye niliyekichukua kinanda chako."

Mzee alitazama juu, kwa maana mwanawe alikuwa amemzidi urefu kidogo. Kidole kikabaki hewani, kisha kikakosa pa kwenda.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikihitaji, ukanipa."

"Nilikupa?"

"Ulinipa, baba. Hukunidai."

Mzee alifikiri. Midomo ilikuwa ikisogea, mkono wa kulia ukagusagusa mshono wa suruali, vidole vikipanda na kushuka.

"Kinalia bado?"

Baridi akaitikia kwa kichwa. "Kinalia."

"Vizuri?"

"Vizuri, baba."

"Basi kitunze. Usikiweke mahali penye unyevu." Aligeuka kurudi ndani, akasimama, akamwita mwanawe kwa kichwa, akanong'ona, lakini kwa mnong'ono wa mtu ambaye masikio yamepungua, kibaraza kizima kikasikia. "Na yule mama anayesuka, mtake radhi. Nilimwita mwizi mbele za watu. Si vizuri."

Baridi akageuka. Hakuwa amezoea, na maneno yalimtoka yamekunjamana, kama shati lililokaa muda mrefu chini ya mengine.

"Anaomba radhi," akasema. "Na mimi pia."

Vidole aliinamia kichwa cha mteja wake. Aliushika msuko ule wa nyuma ya sikio, akajaribu kuuendeleza, vidole vikamkatalia. Mstari ulikuwa umekwenda upande. Akamwambia mwalimu amwie radhi, huu ameukosea. Kisha akaufumua wote mpaka kwenye shina, akachukua chanuo, akauanza upya.